Jumanne Kumi na Nne

Dalali wa mahakama alibisha hodi Jumamosi saa mbili asubuhi, na kosa la kwanza la Orville Gittens siku hiyo lilikuwa kumkaribisha ndani.

Hakuna aliyemlazimisha. Mtu yuko mlangoni, koti lake safi, mvua inamnyeshea kichwani, na amekuita "Mzee Gittens" kwa adabu zote. Orville alilelewa Barbados na mama ambaye angefufuka kuja kumchapa, pamoja na miaka yake sabini na saba, kama angemwacha mgeni alowe nje. "Pita, pita bwana," akasema. Akampeleka chumba cha mbele, kile chenye zulia jekundu na kabati la vioo, ambacho hata wajukuu hawaingii bila kuvua viatu. Merlene, mkewe, akatoka jikoni na mkongojo wake, akamletea mgeni kipande cha mkate wa nazi kwenye sahani ya maua. Mtu akala mpaka akamaliza. Akafuta makombo kwenye suruali, akashukuru, ndipo akasema kilichomleta.

"Naitwa Tranter. Nimekuja kwa deni la tozo za gari kuingia katikati ya jiji la London. Jumla ni pauni elfu tano mia mbili na tano."

Orville akacheka. Alicheka kweli, kicheko cha tumboni. "Kijana, umepotea nyumba."

"Ile Honda ya rangi ya fedha hapo nje ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi sijapotea, mzee."

Akatoa karatasi. Orville hakuwa na miwani karibu, kwa hiyo Merlene ndiye aliyeipokea, akakaa kwenye ncha ya kiti na kuanza kusoma kwa sauti, taratibu, vile anavyosoma masomo kanisani. "Tarehe nne Machi. Tarehe kumi na nane Machi. Tarehe mosi Aprili. Tarehe kumi na tano Aprili." Alipofika Mei akanyamaza. Akaishusha karatasi magotini.

"Orville," alisema. "Hizi zote ni Jumanne zangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, tangu Machi, Orville alimpeleka mkewe hospitali ya mjini kati kwa dripu ya saratani. Mwaka mzima, dripu ishirini na sita. Alishapata ishirini na tatu, zimebaki tatu, na daktari alikuwa ameanza kutabasamu. Sasa hapa kwenye karatasi ya mtu wasiyemjua, siku za ugonjwa wake zilikuwa zimepangwa mstari kwa mstari, kumi na nne, na kila moja ina bei.

"Lakini sisi tuna beji!" Orville akaruka juu. "Beji ya buluu, ya walemavu! Mke wangu anatembea na fimbo, unamwona! Mwenye beji halipi!"

"Ni kweli, mwenye beji halipi," Tranter akasema. "Akijiandikisha. Ulijiandikisha?"

"Kujiandikisha wapi tena? Beji si ina picha yake? Si ina namba? Manispaa si ndio waliotupa?"

"Manispaa ni manispaa, mzee. Ofisi ya tozo ni ofisi nyingine."

"Lakini tuliionyesha! Kila Jumanne! Tukifika pale kwenye kamera napunguza mwendo, Merlene anainyanyua mpaka kwenye kioo, hivi!" Orville akanyanyua mkono juu, kiganja wazi, akasimama hivyo katikati ya zulia.

Tranter alimtazama kidogo. Hakucheka, na afadhali angecheka. "Kamera haisomi beji," alisema. "Inasoma namba ya gari, basi. Haijui aliyemo ni nani."

Mkono wa Orville ulishuka wenyewe. Akauliza mbona hawakupata hata barua moja. Tranter akajibu barua zilitumwa zote, tatu tatu kwa kila safari, kwenye anwani iliyo kwenye kadi ya gari, nyumba ya Stockwell. Lahaula! Stockwell walihama mwaka juzi, wakaja huku Thornton Heath kwenye nyumba isiyo na ngazi. Orville alibadilisha anwani kwa daktari, kwa pensheni, kanisani, mpaka kwenye klabu ya kriketi. Kadi ya gari hakuikumbuka. Tozo ya pauni kumi na tano ikawa faini, faini ikaongezeka, mahakama ikaweka ya kwake, dalali naye akaweka ya barua na ya kubisha hodi.

"Na hizi ni za mpaka Septemba tu," Tranter akaongeza. "Za baadaye ziko njiani."

Mwanamume yule alikuwa ameshaingia, tena kwa kukaribishwa, na sheria inampa aliyeingia hivyo haki ya kuandika mali ya kukamatwa. Akazunguka chumba cha mbele na kalamu. Akaandika televisheni. Akaandika kinanda cha umeme anachokipiga Merlene nyimbo za kanisa. Akafungua kabati la vioo, akainua bilauri moja juu kwenye mwanga, akairudisha bila kuandika kitu, na hilo lilimuuma Merlene kuliko yote, maana zile bilauri zilikuwa za harusi. Gari alisema haligusi. Lina beji ya mlemavu kwenye dashibodi, sheria inamkataza.

"Umeona!" Orville akapaza sauti. "Umeona beji inavyofanya kazi!"

"Kwangu inafanya kazi, mzee. Kwa kamera haifanyi. Tia sahihi hapa. Una siku saba za kulipa, la sivyo narudi kuvichukua."

Orville akatia sahihi. Tranter akashukuru tena kwa mkate, akatoka. Upande wa pili wa barabara, pazia la jirani lilitikisika.

*

Binti yao Sharonne, mpishi wa shule, alifika saa sita na aproni ya jana bado iko kwenye mkoba. Alisimama mlangoni akasikiliza habari yote, kisha akajishika kichwa.

"Mlimwingiza ndani? Mama! Dalali haingizwi ndani! Angebaki nje angefanya nini? Angeandika maua?"

"Mvua ilikuwa inanyesha," Merlene akasema.

"Na mkate mkampa!"

"Alikuwa mgeni, Sharonne."

"Baba, wewe si dereva? Miaka thelathini na moja umeendesha mabasi mji huu. Wewe hukujua?"

Hapo ndipo palipouma. Orville alikuja London kijana wa miaka kumi na tisa, akavalishwa kofia ya kampuni ya mabasi wiki hiyo hiyo, na tangu hapo hajawahi kumuuliza mtu njia. Shemeji zake wakitaka kwenda harusini wanampigia yeye. Mchungaji akitaka kujua wapi pa kuegesha anampigia yeye. "Najua kila jiwe la barabara za mji huu," akasema.

"Mabasi hayalipi tozo, Baba! Ndio maana hukujua!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako kuna mtu ameandika televisheni!"

Merlene alikuwa amechukua bahasha na kipande cha penseli, anapiga hesabu. Ni mwanamke ambaye dawa ya meno ikiisha anaipasua tyubu kwa mkasi akwangue iliyobaki ndani. Akamaliza, akapiga mstari chini.

"Mia tatu sabini na moja," akasema. "Kwa dripu moja. Hata hao madaktari hawajui kama nilikuwa natumia pesa hivyo."

"Mama, acha."

"Sitakwenda Jumanne."

Orville alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Nimesema siendi. Nimekula dripu ishirini na tatu, zinatosha. Tatu hizi nikizila ndio tutauza nini? Kitanda?" Hakusema kwa hasira. Alisema vile anavyosema nyama imepanda bei, tutakula samaki.

"Daktari alisema zote," Sharonne akasema, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Alisema ukiikatisha inaweza kurudi. Gari la wagonjwa je? Nikuombee gari la hospitali."

"Lile lililonizungusha kwa muda wa saa tano nzima na ndoo ya kutapikia, watu wananiangalia? Hapana, mwanangu."

Akasimama, akachukua ile sahani ya maua, akaenda kuiosha. Orville alibaki amekaa.

*

Jumatatu Sharonne aliomba ruhusa kazini, akamchukua baba yake mpaka maktaba, kwenye meza ya ushauri wa bure. Alikuwepo mama mmoja mwenye miwani mikubwa, Bi Farzana, ambaye alisikiliza bila kushtuka, na Orville akachukia jinsi asivyoshtuka.

"Mnaandika maelezo mahakamani kwamba hamkupata barua," Bi Farzana alisema. "Fomu moja kwa kila faini, kumi na nne. Zikipokelewa, dalali anasimama. Faini zinarudi mwanzo, mnaweza kujitetea na beji. Siahidi watafuta zote. Halafu mjiandikishe, pauni kumi tu, inachukua kama siku kumi. Mpaka hapo mkiingia mjini mnalipa kama watu wengine, pauni kumi na nane kwa siku."

"Na tukilipa hizo kumi na nane, yameisha?" Sharonne akauliza.

"Yameisha kwa siku hiyo."

Kisha akawaonyesha jinsi ya kuona picha za makosa kwenye kompyuta. Unaingiza namba ya faini, picha inakuja. Sharonne akaingiza ya kwanza.

Loo! Ilikuwa Honda yao, na nyuma ya kioo cha mbele alikuwa Merlene, kofia yake ya kijani kichwani, amenyanyua beji kwa mikono miwili, anaitabasamia kamera. Sharonne akaingiza ya pili. Kofia ya buluu, beji juu. Ya tatu. Ya tano alikuwa hana nywele tena, amefunga kitambaa, na bado beji iko juu na tabasamu lipo. Ya tisa alikuwa amekonda mpaka koti limemmeza, mkono mmoja umemshinda, Orville kamsaidia kuinyanyua kwa mkono wake wa kushoto.

Sharonne alianza kwa kucheka, akishika mdomo, mabega yanamruka. Orville alipogeuka kumkemea akakuta si kicheko. Kijana wa kompyuta ya jirani alichungulia, akarudisha macho yake haraka. Orville aliziangalia zote kumi na nne. Hakuweza kuacha. Miezi yote ile alidhani kuna mtu upande wa pili anayewaona, anayesema, aa, ni wale wazee, waache wapite.

"Baba," Sharonne alisema, akipangusa pua. "Kuna wengine uliowaambia hivi?"

Orville akamkumbuka Ianthe Blackett wa kanisani, ambaye mumewe anatibiwa macho mjini. Alimweleza mwenyewe, nje ya kanisa, mikono mfukoni: inyanyue juu kabisa, Ianthe, wasije wakasema hawakuiona.

Fomu zikachapwa. Bi Farzana akaonyesha nafasi ya maelezo. "Andika kwa maneno yako. Kwamba hukujua unatakiwa kubadilisha anwani kwenye kadi ya gari, na hukujua unatakiwa kujiandikisha. Useme ukweli tu."

Orville aliishika kalamu. Aliandika jina lake, vizuri, kwa mwandiko wa shule ya zamani. Kisha kalamu ikasimama.

"Nitaandikia nyumbani," akasema.

"Baba, ni neno moja."

"Nimesema nyumbani."

Nyumbani fomu zikakaa juu ya meza ya jikoni jioni nzima, na hakuna kilichoandikwa.

*

Jumanne saa tatu asubuhi Merlene alikuwa bado na gauni la kulalia, anamenya viazi vitamu.

"Vaa, twende," Orville akasema.

"Nilishakwambia. Jana nilimpigia yule muuguzi wa dripu, nikamwambia siji. Kanibembeleza. Kasema kiti atanishikia mpaka saa tano na nusu, ikipita hapo anampa mwingine, na mimi nitarudi kwa daktari kuomba upya. Nikamwambia asisumbuke."

"Merlene."

"Usinianze, Bwana Gittens." Akimwita Bwana Gittens ujue mlango umefungwa.

Orville alimwangalia anavyomenya, maganda membamba mpaka unaona kisu kwa upande wa pili. Akaona kwamba mwanamke huyu atakaa hapa jikoni na viazi vyake mpaka saa tano na nusu ipite, kisha atapika, kisha siku moja atakufa, na yote hayo atayafanya bila kupaza sauti. Hapo akasema uongo, yeye asiyesema uongo.

"Nimeshalipa tozo ya leo."

Kisu kikasimama. "Lini?"

"Jana. Kulekule maktaba."

"Ngapi?"

"Kumi na nane."

"Na tusipokwenda?"

"Hawarudishi. Ndiyo imeliwa."

Merlene akageuka kumtazama. Ungedhani ameambiwa kuna mtu kaiba sadaka kanisani. "Pauni kumi na nane? Ziliwe hivihivi? Hata gari halijatoka?"

"Hata gari halijatoka."

"Ebo!" Akaweka kisu chini, akafuta mikono. "Wameshakula elfu tano, hawatakula na hizo. Nipe dakika kumi nivae." Akaondoka na mkongojo wake, akinung'unika korido nzima.

Orville alisubiri mlango wa chumbani ufungwe. Akavaa miwani, akachukua karatasi ya Bi Farzana yenye namba ya simu ya ofisi ya tozo, akafungua bomba la maji ili asisikike, akapiga. Muziki ulilia. Ukalia tena. Hatimaye sauti ya binti ikaitika na kuuliza kama amewahi kulipa kwao.

"Sikiliza, binti," Orville akaanza, "mimi nimeendesha mabasi mji huu miaka thelathini na moja..."

"Ndiyo, mzee. Umewahi kulipa?"

Maji yalikuwa yanamwagika. Chumbani kabati lilifunguliwa. Orville akafumba macho.

"Sijawahi," alisema. "Sijui. Sijui chochote kuhusu jambo hili. Nilidhani najua, kumbe sijui. Mke wangu ni mgonjwa, anasubiriwa hospitali, na mimi sijui pa kuanzia. Naomba unifundishe. Polepole, kama unamfundisha mtoto."

Binti akamfundisha. Namba ya gari kwanza. Akaisoma. Tarehe ya safari. Akaisema. Namba za kadi ya benki, akazitaja mbilimbili. Akaambiwa ukishalipa ni siku nzima, ukitoka na kurudi hulipi tena. Saa za kutozwa ni kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Na hata ukisahau, una siku tatu za kulipa kabla haijawa faini. Kila jambo alilirudia kwa sauti na kuliandika. Siku tatu! Simu kama hii, dakika tano, ingetosha tangu Machi.

"Na beji, binti. Tulikuwa tunainyanyua. Hakuna hata siku moja mtu aliyeiona?"

"Hapana, mzee. Pole. Hakuna mtu pale."

Alipokata simu na kufunga bomba, Merlene alikuwa amesimama mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, kofia kichwani. Haikujulikana amesimama pale tangu lini. Ila uso wake ulionyesha kwamba amesikia, maana macho yalikuwa yamemtoka. Katika miaka arobaini na tisa ya ndoa alikuwa amemsikia mume huyu akiimba, akitukana, akiomba, akilia kwenye mazishi mawili. Akisema "sijui" hakuwahi kumsikia.

"Kumbe hukuwa umelipa," alisema.

"Sikuwa nimelipa."

"Umenidanganya."

"Nimekudanganya. Sasa nimelipa."

"Na ni kweli hawarudishi?"

"Sijui," Orville akasema. "Sikumuuliza."

Merlene hakutoka mlangoni. Alinyoosha mkongojo kuelekea mezani, kwenye zile fomu. "Na hizo?"

Orville akavuta kiti. Mara kumi na nne, akiwa amebana midomo, aliandika: Sikujua. Barua sikuzipata kwa sababu sikubadilisha anwani kwenye kadi ya gari. Nilidhani kamera inaiona beji. Mwandiko wa fomu ya kwanza ulikuwa mzuri, wa mwisho ulikuwa umelala chini. Merlene alisubiri amesimama, hakumharakisha, ingawa saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa nne. Alipotia sahihi ya mwisho akazikusanya mwenyewe, akazisawazisha kwa kuzigonga mezani, akazitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Orville akamfungulia mlango wa gari, akamshika kiwiko akae, akafunga mlango, akazunguka upande wake. Akawasha injini. Mikono ilikuwa kwenye usukani, lakini gari halikuondoka, kwa sababu mbele yake alikuwa haoni vizuri, na kioo kilikuwa kikavu.

Merlene alimpa muda. Kisha akavuta mkanda, akaufunga.

"Njia lakini unaijua," alisema, "au nayo tumpigie yule binti?"

"Njia naijua," Orville akasema.

"Basi twende. Kiti changu ni mpaka saa tano na nusu."